Mdogo Wangu wa Dodoma, Zima Pangaboi Kwanza

"Shikamoo kaka. Nasoma uandishi wa habari, mwaka wa pili, niko Dodoma. Napenda sana sinema za kutisha na za ngumi ila nyumbani wanasema napoteza muda. Nifanyeje niwe kama wewe?"

Ujumbe huu uliingia Jumapili usiku, siku moja baada ya dokumentari yangu kuhusu watafsiri wa sinema kuonyeshwa kwenye kibanda umiza kimoja, yaani kibanda cha mtaani cha kuonyeshea video, kule Mbagala. Marahaba, mdogo wangu. Nimeusoma mara nne. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Mko wengi mnaoficha mapenzi yenu kwa sinema za mapanga kama vile ni ugonjwa.

Mimi nimekulia Temeke. Mjini kulikuwa na majumba ya sinema ya Empire na Avalon, na wenye magari walikuwa na Drive-In yao tangu 1966, pale Msasani ambapo leo pana Ubalozi wa Marekani. Sisi tulikuwa na kibanda. Mabenchi ya mbao, magunia meusi madirishani, televisheni moja, deki moja, na pembeni yake mtu ameshika kipaza sauti. Huyo ndiye aliyekuwa sinema yenyewe. Stelingi, yaani shujaa wa sinema, Mchina, akifungua mdomo, sauti inayotoka ni ya mtafsiri: "Nimetoka Buguruni mpaka Tazara kwa miguu, namtafuta aliyemuua baba yangu!" Kibanda kizima kinapiga mayowe. Alikuwa stelingi, adui, mama mkwe, na hata mbwa. Wakubwa wa kazi hii, kama Derek Gaspar Mukandala aliyejulikana kama Lufufu, baadaye walirekodi sauti zao kwenye kanda, zikasambaa nchi nzima. Watoto wengi wa rika langu walizijua sauti za watu hawa kabla ya kujua sura ya waziri yeyote.

Nikajiapiza nitaandika habari za watu hawa.

Mwaka 2006 nikapata kazi kwenye gazeti moja la burudani. Mwongozaji Mussa Banzi alikuwa ameshatoa Nsyuka, filamu ya kutisha ya Kitanzania kabisa, yenye mzimu wa kwetu na hofu za kwetu. Niliandika makala ndefu nikieleza kwamba hapa kuna kitu kinazaliwa. Mhariri wangu aliisoma nusu ukurasa, akanirudishia. "Tuletee nani kaachana na nani. Majini waachie waganga." Nimeyabeba maneno hayo karibu miaka ishirini. Nikaandika nani kaachana na nani kwa miaka mitano, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji.

Lakini kila nilikotumwa kufuata udaku nilibaki saa moja zaidi. Nikishauliza la mapenzi, nauliza la kazi. Damu mmeitengeneza na nini? Jini mlimtoaje ukutani? Nani kashona hili joho? Majibu yote niliyaweka kwenye madaftari ya shule, yale ya kurasa mia. Yalifika kumi na moja. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza: andika kila kitu, hata kama hakuna anayekiomba. Andika tarehe, andika jina, andika alivyotamka.

Aprili 7, 2012 mwigizaji Steven Kanumba akafariki. Mliokuwepo mnakumbuka Leaders Club ilivyofurika, watu wanazimia, barabara ya kwenda makaburi ya Kinondoni haipitiki. Mhariri yule yule akanipigia alfajiri. Sasa alitaka kila kitu kuhusu filamu za Kiswahili, zimetoka wapi, nani alianza, nani anatazama. Niliketi na madaftari yangu nikaandika kurasa sita kwa usiku mmoja. Gazeti likaisha mtaani kabla ya saa nne asubuhi. Nilinunua nakala yangu kwa pesa yangu, nikafungua, juu ya kazi yangu imeandikwa: Na Mwandishi Wetu.

Wanangu wakikua nitawaonyesha gazeti hilo. Mwandishi Wetu ni baba yenu.

Kwa hiyo, wadogo zangu, daini jina lenu mapema. Ulizeni kabla ya kukabidhi kazi, siyo baada. Msione haya. Anayekuambia kwamba unapenda sifa, yeye jina lake lipo pale juu.

Miaka ya katikati naipita haraka. Niliacha kazi, nikapiga picha za harusi na kipaimara, nikanunua kamera ya mtumba kwa awamu tatu. Mwaka 2016 nikaanza dokumentari kuhusu watafsiri wa vibandani, na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo sijajisamehe.

Nilimpata mzee mmoja Temeke, miongoni mwa waliotafsiri kwa mdomo kabla hata ya kurekodi. Alinipokea sebuleni kwake saa saba mchana, joto la Januari, shati limeshamganda mgongoni. Akaongea saa mbili na nusu. Alinieleza alivyokuwa akiitazama sinema mara tatu peke yake usiku bila sauti, akisoma macho ya waigizaji, ndipo awaingize watu. Alinieleza kwa nini maneno ya adui lazima yatoke puani. Nilikuwa natetemeka kwa furaha. Nilipofika nyumbani na kuvaa hedifoni, nikasikia pangaboi. Kwak, kwak, kwak, kwak, saa mbili na nusu. Sikuwa na kipaza sauti cha kubana kwenye kola, nilitegemea kile cha kwenye kamera, na pangaboi lile lilikuwa limelegea msumari. Nilisema nitarudi wiki ijayo. Harusi ikaingia, nyingine ikaingia. Niliporudi Aprili nikakuta turubai uani na wanaume wameketi kwenye mikeka.

Picha mbaya mtu anaivumilia, wadogo zangu. Sauti mbaya hakuna anayeivumilia. Zima pangaboi, zima friji, fukuza kuku, omba jirani apunguze redio. Nunua kipaza sauti kabla ya lenzi. Na ukisema wiki ijayo, iwe wiki ijayo. Wazee hawa hawakusubiri.

Kosa la pili lilinigharimu miezi kumi na minne. Nilihariri filamu nzima nikitumia vipande vya sinema za Hong Kong na za Kihindi, maana ndizo walizozitafsiri. Ilikuwa nzuri, nakwambia. Kituo kimoja cha televisheni kikaitazama, kikaniuliza swali moja: hati za ruhusa ziko wapi? Sikuwa na hata moja. Kuzinunua nisingeweza hata ningeuza kamera. Nikatoa kila kipande, nikabaki na filamu yenye mashimo.

Katika kipindi hicho nilipanda basi hadi Kampala, kwenye kitongoji cha Wakaliga. Isaac Nabwana ana studio yake pale tangu 2005, anatengeneza filamu za mapigano uani kwake, bunduki za vyuma chakavu, na VJ Emmie, mtafsiri wa Kiganda wa sinema, anapaza sauti juu ya picha kama mtangazaji wa mpira. Wazungu wanaziita filamu hizo maajabu. Mimi niliwaona binamu zetu. Kenya yuko DJ Afro anayesimulia sinema, Uganda wako ma-VJ, kwetu watafsiri. Wote wamekataa kukaa kimya mbele ya sinema ya mtu mwingine.

Nikarudi na wazo. Nikamwita mtafsiri mmoja wa rika langu, nikamweka mbele ya televisheni iliyozimwa. Nikamwambia, ile sinema ya ndugu wawili uliyoifanya mara elfu, ifanye. Akakitazama kioo cheusi, akakohoa, akaanza. Dakika saba bila picha yoyote, sauti tano, mapanga yanagongana mdomoni mwake, ndugu mmoja anamfia mwenzake mikononi, na kwenye kioo unamwona yeye mwenyewe amefumba macho. Ningekuwa na hati za ruhusa, nisingewaza kumweka mbele ya kioo kile.

Ndiyo maana nakasirika ninapomwona kijana anarekodi watu hawa ili wachekwe. Umeshika kamera, mbele yako yuko mtu aliyewafundisha maelfu kuhurumia na kulia katika lugha yao, na wewe unamtafutia kichekesho cha sekunde thelathini? Usiwe mtu wa namna hiyo. Sinema ya mapanga ina mafundi wake. Jini wa Kariakoo alishonewa joho na mwanamke ambaye alikesha na cherehani. Mheshimu, muulize jina lake, liandike mwishoni mwa filamu kwa herufi zinazosomeka. Na wewe binti, usisubiri nyumbani waelewe. Anza na kibanda kilicho karibu nawe, lipa kiingilio, kaa benchi la nyuma na daftari. Vibali utavishughulikia, Bodi ya Filamu ipo na taratibu zake zinajulikana. Kinachokosekana ni anayekaa pale kila wiki.

Jumamosi ile Mbagala, kiingilio tulifuta. Watu walijaa hadi nje, watoto wamekaa mchangani mbele kabisa. Nilikuwa nimebakiza dakika tisa za yule mzee wa Temeke, na pangaboi lake, nikaweka maandishi chini ili asomeke anaposhindwa kusikika. Mjane wake alikuja na binti yake, nikawapa viti viwili vya plastiki. Kilipofika kipande cha televisheni iliyozimwa, kibanda kilipiga mayowe kama zamani. Mzee alipotokea, kikanyamaza.

Taa zilipowashwa nilimfuata bibi nimwombe radhi kwa ile kelele. Alinishika mkono akawa hauachii. "Msumari wa lile pangaboi alikuwa akiukaza yeye," akasema. "Bado linalia vilevile. Njoo nyumbani ulisikie."