Wingi wa Mitazamo Chuoni Huanza kwa Kumlinda Anayepinga

Nimefundisha na kukaa katika vikao vya idara za chuo kikuu cha umma kwa muda wa kutosha kuona kwamba mitazamo mingi inaweza kuwamo ndani ya chumba kimoja bila hata mmoja kusikika. Tunapokea wanafunzi wa kila tabaka, dini na itikadi, tunawakalisha pamoja, kisha tunashangaa semina inapomalizika kwa wote kukubaliana na mwalimu. Ushauri ninaoutoa hapa kwa wahadhiri wenzangu, wakuu wa idara na viongozi wa wanafunzi unatokana na jambo moja ambalo nimejiridhisha nalo: watu wenye mawazo tofauti tunao tele, ila wanaogopa gharama ya kupinga, hasa pale anayepingwa ndiye mwenye kuamua alama zao, hatima ya tasnifu zao au mkataba wao wa ajira.

Mada iliyonionyesha hili waziwazi ni ya karo. Swali ni je, serikali ilipie elimu ya juu ya kila mwanafunzi, au fedha hizo ziwe mkopo ambao mhitimu ataurejesha? Kila nilipoanzisha mjadala huo kwa kumwachia nafasi yeyote aliyenyoosha mkono, msemaji wa kwanza alisema elimu ni haki, wa pili akamuunga mkono, na baada ya wachache kuongea mlango ulikuwa umefungwa. Safari moja niliwagawia vikaratasi kabla mtu hajafungua mdomo, nikawaomba waandike msimamo wao na sababu zake bila majina, kisha nikavikusanya na kuvisoma kwa sauti. Darasa lilikuwa limegawanyika karibu nusu kwa nusu. Karatasi moja ilisema kwamba kodi ya mkulima ambaye mwanawe hakufika sekondari haipaswi kumlipia karo mtoto wa tajiri. Palikuwa kimya, kisha mwanafunzi wa mstari wa nyuma akaomba ruhusa ya kuitetea hoja hiyo, huku akieleza kwamba si yeye aliyeiandika. Mwenzake akamjibu kwamba hoja ile inamhukumu tajiri asiyelipa kodi ipasavyo, wala haihukumu elimu ya bure, na kuanzia hapo sikuwa na kazi kubwa zaidi ya kutaja zamu za kuzungumza.

Mwanasaikolojia Solomon Asch alilichunguza jambo linalokaribiana na hili katika majaribio yake maarufu ya miaka ya 1950. Washiriki waliombwa kulinganisha urefu wa mistari, kazi ambayo mtoto angeimudu, lakini kila mmoja aliwekwa kati ya watu ambao kwa siri walikuwa wameagizwa kutoa jibu lisilo sahihi. Takribani theluthi moja ya majibu ya washiriki hao ilifuata kosa la kundi. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema ukweli, idadi ya waliofuata kundi ilishuka sana. Kwa mwalimu, maana yake ni kwamba anayehitaji kupatikana na kulindwa ni mpingaji wa kwanza, kwa sababu wengine watapata ujasiri kutoka kwake. Asipojitokeza, mpe mwanafunzi jukumu la kutetea upande usio na watetezi, na jukumu hilo lizunguke, ili asiwepo mmoja anayebaki na sifa ya mbishi wa darasa hadi siku ya mahafali.

Hata hivyo, maneno mazuri darasani hayasaidii kitu ikiwa usahihishaji unasema vingine. Wanafunzi husikiliza alama kuliko wanavyosikiliza hotuba zetu, na habari kwamba mhadhiri fulani hapendi msimamo fulani hupita kutoka kundi moja hadi jingine la wanafunzi kwa miaka. Kwa hiyo, toa mwongozo wa kusahihisha kabla ya insha kuandikwa, nao uonyeshe kwamba alama ni za ushahidi, mantiki na uelewa wa hoja pinzani. Sahihisha kwa namba za usajili badala ya majina, na insha zenye utata apewe mwenzako azisome bila kuiona alama yako. Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni la kumtaka mwanafunzi aandike kurasa mbili za kutetea msimamo asioukubali, kwa namna ambayo mwenye msimamo huo angeridhika kuwa ametendewa haki. Ni zoezi gumu, na wengi huanza kwa kuandika kejeli, lakini wanaporudishiwa kazi ili waiandike upya huanza kusoma vitabu ambavyo wasingevigusa kamwe.

Je, mwalimu aseme maoni yake? Naamini aseme, lakini achelewe kusema, na aeleze ni hoja gani ya upande wa pili inayompa shida hadi leo.

Lazima niseme pia kwamba wingi wa mitazamo hauna maana ya kuyapa madai yote uzito sawa. Dai lisilostahimili ushahidi hujibiwa kwa ushahidi, na mwalimu wa biolojia hana wajibu wa kugawa saa zake nusu kwa nusu na mtu anayekana kilichothibitishwa. Hatari kubwa zaidi kwa chuo cha umma iko kwingine, nayo ni mkono wa dola inayokilipia. Katika Umoja wa Kisovieti, mafundisho ya Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyeikataa jenetiki, yaani sayansi ya urithi wa viumbe, yalitangazwa mwaka 1948 kuwa ndiyo biolojia sahihi, wanajenetiki wakafukuzwa kazi katika vyuo na taasisi, na somo lao halikurejea kikamilifu hadi miaka ya 1960. Nikolai Vavilov, mmoja wa wataalamu wakubwa wa mimea wa zama zake na mpinzani wa Lysenko, alikuwa amekwisha kufa gerezani mwaka 1943. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka wanasiasa walete mizani vyuoni kwa amri, hata pale malalamiko yao yana ukweli ndani yake. Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu linatetea haki yao ya kufundisha na kujadili bila kufungwa na itikadi iliyowekwa, na marekebisho yanayodumu ni yale ambayo wanataaluma wenyewe wanayafanya kwa kanuni zilizo wazi.

Ajira ni sehemu mojawapo ya kurekebisha. Idara inayoajiri waliofundishwa na idara hiyohiyo, chini ya wasimamizi walewale, hujizalisha yenyewe. Mjumbe kutoka nje katika usaili, vigezo vilivyoandikwa kabla ya maombi kufunguliwa, na mtahini wa nje asiyechaguliwa na msimamizi peke yake, vinasaidia sana.

Uongozi wa chuo nao ujizuie. Kamati iliyoongozwa na Harry Kalven katika Chuo Kikuu cha Chicago ilieleza mwaka 1967 kwamba chuo ni makao ya wakosoaji, lakini chenyewe si mkosoaji. Chuo kinapotoa tamko kuhusu kila mzozo wa siasa, mhadhiri wa mkataba mwenye maoni tofauti hujikuta anampinga mwajiri wake. Zipo hali zinazogusa uhai wa chuo na uhuru wa utafiti ambazo kukaa kimya ni kosa, na hizo ziachwe ziwe chache.

Kwa viongozi wa wanafunzi, ushauri wangu unahusu fedha za vyama. Mwaka 2000, katika kesi iliyohusu Chuo Kikuu cha Wisconsin, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba chuo cha umma kinaweza kuwatoza wanafunzi ada ya kugharimia shughuli za vyama, mradi fedha hizo zigawiwe bila kuangalia mitazamo, na ikatilia shaka utaratibu wa kuacha kura ya walio wengi iamue chama gani kipewe au kinyimwe. Hata mahali ambapo uamuzi huo si sheria, utaratibu wake unaweza kuigwa kesho asubuhi: vigezo vibandikwe kabla ya maombi, chama kinachonyimwa kipewe sababu kwa maandishi, na rufaa isikilizwe na watu wengine, wasiokuwemo katika kamati iliyokataa.