Banda kwanza, kuku baadaye

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Hapo unapoishi, unawakingaje kuku na wanyama wa nyumbani dhidi ya wanyama wanaowawinda na wadudu wanaowasumbua?" Mimi naishi Logan, kusini mwa Brisbane, katika jimbo la Queensland, Australia. Nyuma ya nyumba nina kuku wa mayai, mbwa na paka. Jibu langu ni kwamba nguvu zangu na sehemu kubwa ya fedha yangu nimeziweka kwenye banda. Sitegi mitego wala sumu. Naomba nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu wapo Waswahili wengi huku, waliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, wenye hamu ya kufuga, na baadhi yao wamekata tamaa baada ya kuamka asubuhi na kukuta manyoya tu.

Tuliokulia Kigoma tulizoea kuku wanaozurura mchana kutwa. Maadui tuliwafahamu: mwewe kwa vifaranga, kicheche na nguchiro kwa wakubwa. Na kuku wa kienyeji alifundishwa na mama yake. Koo, yaani kuku mama, likitoa mlio wa hatari, vifaranga wote wameshatoweka kwenye majani. Kuku wa kahawia wanaouzwa huku kwa ajili ya mayai wengi wametotolewa kwa mashine na hawakuwahi kutembea nyuma ya koo. Ndiyo maana ufugaji wa kuachia, ambao kwetu ulitosha, hapa hautoshi.

Adui wa kwanza ni mbweha mwekundu. Siye mnyama wa asili wa Australia. Waingereza walimleta karne ya 19 ili wapate kumwinda kwa farasi na mbwa kama walivyozoea kwao, na mwanzoni mwa miaka ya 1870 alikuwa ameshaanza kuzaana mwenyewe porini huko jimbo la Victoria. Leo ameenea karibu bara zima, ukiacha kaskazini kwenye joto la tropiki. Wala msidhani ni mnyama wa mashambani tu. Mjini Melbourne watafiti walikuta sehemu zenye mbweha hadi 16 katika kilomita moja ya mraba, wakilala chini ya nyumba, kwenye vichaka vya reli na kando ya vijito. Jirani yako anaweza kukaa miaka asimwone hata mmoja, kumbe anapita uani kwake kila usiku.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba mbweha akiingia kwenye banda ambalo kuku hawana pa kukimbilia, hali mmoja akaondoka. Anaua wote waliomo, anabeba anaoweza, wengine anawaacha pale pale. Watu humwita katili kwa hilo. Mimi naona ni silika tu: porini ndege wangeruka na angebahatika kupata mmoja, na kilichobaki angekifukia kwa siku ya njaa. Watoto wake huzaliwa zaidi mwezi wa nane na wa tisa, na miezi inayofuata, akiwa na midomo ya kulisha, huwinda hata mchana kweupe.

Sasa tuje kwenye waya, maana hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Ule waya mwembamba wenye matundu ya pembe sita, unaouzwa kwa jina la waya wa kuku, ni wa kumzuia kuku asitoke. Mbweha anaukata kwa meno, na ukishashika kutu hata mbwa wa kawaida anaupasua kwa kucha. Nunua wavu wa chuma uliochomelewa, uliopakwa zinki, uupigilie kwenye mbao kwa skrubu na washa pana, kwa kuwa pini za stepla hung'oka. Juu weka paa au wavu ule ule, kwani mbweha hupanda uzio wa mita mbili bila shida, na kipanga naye hutokea juu. Chini usiuishilize wavu pale unapogusa udongo. Ukunje uelekee nje, ulaze juu ya ardhi upana wa nusu mita hivi, uubane kwa mawe au uufunike kwa udongo kidogo, majani yatauotea. Mbweha huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi. Akigonga chuma chini ya kucha zake, anahamia hatua mbili pembeni na kugonga chuma tena. Hafikirii kurudi nyuma nusu mita aanzie huko.

Mlango uwe na komeo la kweli. Na ufungwe kabla giza halijaingia, kila siku, hata siku ya harusi na siku ya mvua. Wanaofanya kazi za zamu, kama wengi wetu kwenye viwanda na nyumba za kulelea wazee, wanunue mlango unaojifunga wenyewe mwanga unapopungua. Si rahisi kwa bei, lakini kati ya vyote nilivyonunua, huo ndio ningeununua wa kwanza.

Kuna wanaotumia mbwa wa ulinzi. Kisa cha Warrnambool, pwani ya Victoria, ni cha kweli na hunifurahisha kila nikikisimulia. Pale kuna kisiwa kidogo, Middle Island, kilichokuwa na pengwini mamia. Maji yakipwa mbweha walivuka kwa miguu wakawaua, hata mwaka 2005 wakabaki wasiofika kumi. Mfugaji wa kuku wa eneo hilo, Allan Marsh, ambaye alikuwa akiwalinda kuku wake kwa mbwa weupe wa Kiitalia wanaoitwa Maremma, ndiye aliyetoa wazo la kuwapeleka mbwa hao kisiwani. Walianza kazi mwaka 2006, na pengwini wakarudi kuzaana hadi wakapita mia. Lakini Maremma ni mbwa mkubwa, hubweka usiku kucha, anahitaji shamba. Kwenye kiwanja cha mjini utagombana na mtaa mzima.

Adui wa pili ndiye anayetugawa: chatu. Huku Queensland yupo chatu wa zulia, mwenye madoa mazuri mgongoni, ambaye hufikia mita mbili hadi tatu. Hana sumu. Hupita kwenye tundu ambalo huwezi kuamini, akaminya kuku, akammeza, kisha akashindwa kutoka kwa sababu ya tumbo. Asubuhi unamkuta amejikunja kwenye kiota, mnene katikati. Ilitokea kwetu mwaka wa kwanza, na mzee mmoja wa kanisani kwetu, mtu wa Uvira, aliyekuja kututembelea asubuhi hiyo, akaniambia, "Mwanangu, nyoka ni nyoka. Leta panga." Nilimjibu, "Mzee wangu, huyu analindwa na sheria. Na huyu ndiye anayekula panya wa darini." Hakuridhika, lakini alikaa kitini akanywa chai tukimngoja mkamata nyoka mwenye leseni, ambaye alimtia kwenye mfuko wa kitambaa na kwenda kumwachia kwenye msitu wa karibu.

Sheria hiyo ipo tangu 1992, na kuua nyoka wa asili hapa ni kosa. Ila nisingetaka mtu aiheshimu kwa kuogopa faini tu. Chatu alikuwepo kabla ya nyumba zetu, na kazi ya kumzuia ni nyepesi: wavu wenye matundu ya sentimita moja, usiozidi hapo, katika sehemu yote kuku wanapolala. Ua wa mchana unaweza kuwa na matundu makubwa zaidi. Chumba cha kulala, hapana. Angalieni pia pembe za mabati na nafasi kati ya mlango na fremu. Yeye huanzia hapo. Wenye sungura na paka wadogo wafanye vivyo hivyo, kwa sababu chatu mkubwa hachagui.

Nyoka wa kuogopwa ni yule wa kahawia wa mashariki, mwenye sumu kali kupita karibu nyoka wote duniani. Huyo hafuati kuku. Anafuata panya, na panya wanafuata chakula cha kuku.

Kwa hiyo tuzungumze panya, ambao kwa maoni yangu ndio chanzo cha nusu ya matatizo haya. Chakula kinachomwagika chini ni karamu yao. Ninatumia chombo cha kulishia chenye kifuniko: kuku akikanyaga kibao, kifuniko kinafunguka; panya ni mwepesi, hakifungui. Kuku hukizoea haraka kuliko mtu anavyotegemea. Gunia la chakula linakaa ndani ya pipa la chuma lenye mfuniko. Mabaki ya mezani yanaondolewa kabla ya magharibi, na nyama hailiwi na kuku wangu kabisa, kwani sheria za kuzuia magonjwa ya mifugo zinaikataza.

Wengi hukimbilia sumu ya madukani. Naomba sana muiache. Zile za kizazi cha pili, zenye nguvu kuliko za awali, kama brodifakumu, haziui papo hapo. Panya anaila leo, anazunguka siku kadhaa akiwa mzito na mwenye damu isiyoganda, na ndiye anayekamatwa kwa urahisi kuliko wenzake. Atakamatwa na nani? Bundi, chatu, paka wako, mbwa wako, hata kuku, maana kuku hula panya. Sumu hiyo hukaa kwenye ini kwa miezi. Huko Perth, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliipata sumu ya panya ndani ya bundi wengi waliokufa. Ukimuua bundi umemfukuza kazi mlinzi asiyekudai mshahara. Mtego wa kubana, ukiwa ndani ya sanduku ambalo kuku na mbwa hawafikii, unatosha pale ambapo chakula hakimwagiki.

Na wanaotembeza mbwa vijijini wasome mabango. Kuna sumu iitwayo 1080 inayotegwa kwa mbweha na mbwa mwitu. Hupendelewa kwa sababu mimea fulani ya asili ya kusini-magharibi mwa Australia ina sumu ile ile, na wanyama wa asili wa huko wameizoea kwa vizazi vingi. Mbwa wetu hawajaizoea. Kiasi kidogo kinatosha kumuua, na haina dawa ya kuipinga ya kutegemewa.

Kwa mbwa na paka wa pwani hii ya mashariki, hatari kubwa ni kupe wa kupoozesha. Yeye si kama kupe wa ng'ombe tuliowajua nyumbani; mmoja tu anatosha kumuua mbwa mzima. Akishang'ata siku tatu au nne, miguu ya nyuma inalegea, mlio wa mbwa unabadilika, anatapika, kisha pumzi inamshinda. Wanazidi kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi na mbili. Zipo dawa za kinga za kutafuna, nyingine za mwezi mmoja na nyingine za miezi mitatu, na mbwa wangu hakosi. Juu ya hayo kila jioni vidole vinapita shingoni, nyuma ya masikio, chini ya ukosi, katikati ya vidole vya miguu. Ukimkuta kupe mtoe, kisha nenda kwa daktari wa mifugo dalili ya kwanza inapoonekana. Ipo dawa ya kupinga sumu, lakini inasaidia yule aliyewahi. Tena msitumie kwa paka dawa ya mbwa yenye permethrini. Inaua paka.

Chura wa miwa nao waliletwa, mwaka 1935, kutoka Hawaii, ili wale wadudu wa mashamba ya miwa. Wadudu hawakuwamaliza. Mbwa akimng'ata chura huyo, futa ufizi na ulimi wake kwa kitambaa kibichi, mara nyingi, ukisuuza kitambaa. Usimwagie maji ya bomba kooni, yatabeba sumu ndani na pengine kuingia mapafuni.

Paka wangu halali nje. Paka walifika na meli za kwanza za Waingereza, mwaka 1788, na wamemaliza wanyama wadogo wengi wa nchi hii. Canberra, paka wote waliozaliwa kuanzia Julai 2022 lazima wazuiliwe nyumbani. Nimemjengea kibaraza cha wavu. Analiwinda jua tu, na yuko salama dhidi ya magari na kupe.

Utitiri usisahauliwe. Ule mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za mbao na kunyonya damu usiku, kwa hiyo ukimkagua kuku mchana huoni kitu. Pitisha kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia. Kikitoka na alama za damu, umewapata. Ondoa maranda yote, osha, ziba nyufa, na tumia dawa iliyosajiliwa kwa kuku wa mayai, ukisoma muda wa kutokula mayai. Wape pia mahali pakavu pa kuoga vumbi. Majivu ya kuni yanafaa.

Kwa wanaopanga nyumba, na najua ndio wengi: ombeni ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, ulizeni halmashauri idadi ya kuku inayoruhusiwa, na jogoo msitarajie mjini. Jengeni banda la kuhamishika lenye wavu hadi sakafuni, ambalo watu wawili wanalinyanyua. Na kwa sisi wa kusini-mashariki mwa Queensland, ambako siafu wa moto waligunduliwa mwaka 2001 na bado wanapigwa vita, mbolea ya kuku, udongo na nyasi kavu havibebwi ovyo kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, maana siafu hao husafiri ndani yake. Mkihama, hamisheni banda likiwa limesafishwa, mbolea muiache.