Picha ya kivuko imeingia kwenye kundi: uirushe hewani?

Dada yangu, umeuliza kama miaka 12 ya utangazaji hapa Mwanza haitoshi kuitambua picha ya uongo. Haitoshi, nakuambia kwa upendo. Kumbuka kivuko MV Nyerere, kilichozama karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 2018: usiku wa kwanza vifo vilitajwa 44, siku chache baadaye vikapita 200. Aliyetaja saa na chanzo cha kila idadi hakumpotosha msikilizaji. Picha ikiingia, ipakie Google uone kama imewahi kutumika, ivute usome jina ubavuni mwa chombo, kisha pigia watu wa mwaloni Kirumba, pale boti zinapotia nanga. Mimi hayo nimefundishwa ukubwani na kijana wa zamu ya usiku. Wa kwenu yupo, kaa naye kesho.