Jibu: Formaldehaidi kwenye gundi ya mbao za MDF

Ndugu, umeuliza kama kupunguza formaldehaidi (kemikali yenye harufu kali) kwenye resini ya yurea, yaani gundi inayoshikanisha nyuzi za mbao za MDF, kunatosha kuondoa ule mvuke unaowasha macho. Kunasaidia sana, ila hakutoshi. Zamani viwanda viliweka takriban molekuli 1.6 za formaldehaidi kwa kila moja ya yurea. Sasa vingi vimeshuka hadi karibu 1. Ukishusha mno, gundi inachelewa kukauka na ubao unavimba ukipata maji. Hapo melamini kidogo, kemikali inayoimarisha gundi, huokoa.

Wengi husahau kwamba unyevu na joto huvunja resini hii hata ikishakauka. Fungua kabati jipya siku ya joto: ule ukali unaokupiga puani unatoka hasa kwenye kingo zilizokatwa zikaachwa wazi. Zizibe zote, hata za nyuma zisizoonekana.

Resini ya fenoli, gundi ya aina nyingine, hutoa formaldehaidi kwa kiasi kidogo kuliko ya yurea. Gundi ya isosayaneti yenyewe haitoi formaldehaidi, lakini tafadhali walinde wafanyakazi wa kiwandani, maana mvuke wake huleta pumu. Na usiridhike na maneno ya muuzaji, dai cheti cha kipimo cha maabara. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliitaja formaldehaidi kuwa chanzo cha saratani tangu 2004.