Betri inazima kompyuta kwenye 20%

Swali: Umeme ukikatika hapa Kadutu, kompyuta yangu ya Windows inazimika ghafla ikionyesha 20%, bila onyo. Kazi yote inapotea. Msomaji, Bukavu.

Jibu: Pole sana. Betri iliyochoka huangusha volti ghafla. Asilimia unayoiona ni makisio, kwa hiyo ile 5% ambapo Windows huhifadhi kazi yenyewe na kuzima haifikiwi kamwe. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, andika powercfg /batteryreport, fungua ripoti inayotolewa, ulinganishe uwezo wa kiwandani na wa sasa. 48,000 mWh (kipimo cha nishati ya betri) ikishuka hadi 20,000, tafuta betri mpya. Kwa leo andika powercfg /hibernate on, kisha kwenye mipangilio ya umeme weka onyo 35%, kiwango cha hatari 30%, na kitendo kiwe kuhifadhi kazi kwenye diski (Hibernate). Usichague usingizi wa kawaida (Sleep): huo unaendelea kunyonya betri hiyohiyo mbovu.