Anzia kwenye chakula, Mwalimu

Mwalimu, pole na kazi. Umesema wanafunzi wako wa kidato cha kwanza hapo Moshi wanakariri majina na miaka ya binadamu wa kale, ila ukiwauliza kwa nini miili ilibadilika, kimya. Majina yaache kwanza, anza na chakula.

Waambie ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima, lakini mwili ukipumzika hula karibu asilimia 20 ya nishati yote. Waulize: gharama hiyo ililipwa na nini? Hapo darasa litachangamka.

Halafu leta mazingira. Nyika zilivyotanuka Afrika Mashariki, ilibidi kutembea mbali na kula vitu vya aina nyingi. Ila nyayo za binadamu wa kale zilizobaki Laetoli, huko Ngorongoro, za miaka takriban milioni 3.6, zinaonyesha kutembea kwa miguu miwili kulitangulia sana ubongo mkubwa. Wengi hulipindua hili, kwa hiyo lisisitize.

Oldupai, bonde la mabaki ya kale huko huko Ngorongoro, ndiko kwenye utamu, na ndiko kwenye jibu la ile gharama ya ubongo. Kuna mifupa ya wanyama ya miaka kama milioni 1.8 yenye alama za mawe makali, mingine imepondwa ili kutoa uboho, mafuta ambayo simba huyaacha ndani ya mifupa minene.

Mkipata nauli, njooni Arusha kwenye makumbusho ya Boma la Wajerumani. Msipopata, nunua mfupa wa paja la ng'ombe buchani, okota jiwe mto Karanga, waupasue wenyewe. Wasimame mbali kidogo, vipande huruka.