Dawa inazuia IL-6, mbona kipimo kinaonyesha imepanda?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana baridi yabisi, na mwezi uliopita alianza kuchomwa tosilizumabu. Tuliambiwa inazuia IL-6. Tumepima: CRP (kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) imeshuka kutoka 48 hadi chini ya 1, lakini IL-6 imepanda mara kadhaa. Dawa imegoma? Juzi ameanza kukohoa; kwa kuwa CRP iko chini, tusiwe na hofu?

JIBU: Marahaba. Dawa haijagoma, ila aliyewaeleza alifupisha mno. IL-6 ni protini ambayo seli za kinga hupashana habari kwayo, na habari haifiki mpaka inase kwenye kipokezi, yaani sehemu ya seli inayoipokea. Tosilizumabu ni kingamwili inayokikalia kipokezi hicho. IL-6 yenyewe haiigusi. Sasa, kipokezi hichohicho ndicho kinachoipunguza IL-6 kwenye damu, kwani ikishanasa humezwa na seli na kuvunjwavunjwa.

Fikiria kituo cha daladala saa 12 asubuhi. Magari yanapita, viti vimeshakaliwa vyote. Kituoni watu wanazidi kujaa, kazini hafiki mtu. Kipimo chenu kimehesabu waliobaki kituoni. Wajapani, walioitumia kwa baridi yabisi tangu 2008, waliliona jambo hili mapema. Kwa mgonjwa aliye kwenye dawa hii mimi kipimo hicho sikiagizi. Pesa yenu imepotea bure, samahani.

Kinachonitia wasiwasi ni kikohozi. CRP hutengenezwa na ini, na linaloliamsha ini ni hiyo IL-6. Amri isipofika, CRP inabaki chini hata nimonia ikiwa imeshatanda, na homa nayo huenda isipande sana. CRP ya mama isiwatulize hata kidogo.

Mpelekeni hospitali leo. Apigwe eksirei ya kifua, na makohozi yapimwe kifua kikuu hata kama alipimwa kabla ya kuanza dawa. Mkifika tu, mwambieni daktari wa zamu kwamba anachomwa tosilizumabu. Asipojua, ataitazama CRP hiyo na kuwarudisha nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi. Sindano inayofuata isichomwe mpaka daktari wake wa baridi yabisi aone majibu. Na akilalamika tumbo kuuma sana, msingoje asubuhi: ni nadra, lakini dawa hii huweza kuambatana na kutoboka kwa utumbo, na hapo pia CRP haitasema kitu.